Jinsi ya kuhoji "maendeleo" bila kuitwa mshamba

Hii ni ya yule mtu ambaye ashawahi kukaa kwenye mkutano wa mtaa, viti vya plastiki vimekodiwa, soda zangoja kwenye kreti, halafu anasimama bwana mmoja na ramani kubwa ya rangi rangi, na ukijaribu tu kuuliza swali unajibiwa "kwani nyinyi mnataka maendeleo ama hamtaki?" Kimya. Manake nani atasimama mbele ya majirani zake aseme mimi sitaki maendeleo, utaonekana umetoka porini jana.

Lile swali ni mtego, na hapa naeleza jinsi ya kuutegua. Sio jinsi ya kupinga kila kitu, hiyo ni rahisi na haihitaji mwongozo. Ntakupa maswali, nikwambie yametoka wapi na yashawahi kufanya kazi wapi, utumie kwa barabara, kiwanda, ghorofa, programu ya simu, hata kwa ile tabia yetu ya kuona kila cha kisasa ni cha mtu aliyeerevuka na cha babu ni ushamba. Ama kinyume chake, manake wako pia wanaoona cha babu ndo kila kitu, na hao ntawafikia.

Anza kwa kulikataa swali

Ukiulizwa wataka maendeleo ama hutaki, usijibu ndio wala la. Mrudishie: "Mheshimiwa, yanamfikia nani, na yakiharibika analipa nani?" Sauti ya kawaida. Ukipandisha sauti wewe ndo utakuwa habari ya siku badala ya mradi. Kama u mdogo wa umri, wasalimu kwanza wazee waliokaa mbele, na mwenye ramani hata akiwa rika la mdogo wako muite injinia, haikupunguzii kitu na inamnyima sababu ya kukuita mkorofi.

Inafanya kazi kwa sababu mradi wowote sio kitu kimoja. Ni lami, ni ajira za miezi kadhaa, ni shamba la mtu, ni mkopo, ni faida ya mkandarasi, ni moshi, ni njia ya wavuvi kufika baharini. Yeye anataka uvimeze vyote kwa mpigo. Ukianza kuvitenga kimoja kimoja utakuta vingine unavitaka sana tu, na watu pale mkutanoni nao wataanza kusema kila mtu lake. Hapo mazungumzo yameanza.

Jua hili wazo lilizaliwa wapi

Hapa wengine wataniambia hizi habari za falsafa hazina kazi mtaani. Zina kazi, nipe dakika mbili.

Karne ya 18 huko Ulaya kulikuwa na watu waliojiona wako kwenye zama za mwangaza. Mjerumani mmoja, Immanuel Kant, mwaka 1784 aliandika makala fupi akasema mwangaza ni mtu kutoka kwenye utoto aliojitakia mwenyewe, yaani athubutu kutumia akili yake bila kungoja mwingine amfikirie. Mfaransa, Condorcet, yeye akaandika kwamba binadamu atasonga mbele bila kikomo, elimu ikienea basi ujinga na dhuluma vitakwisha, na ajabu ni kwamba aliandika hayo 1793 kwenda 1794 akiwa mafichoni, mapinduzi aliyoyaunga mkono yeye mwenyewe ndo yanamsaka, akashikwa akafia kizuizini. Tumpe haki yake, huyu alipinga utumwa wazi wazi. Lakini Ufaransa yake ilikuwa inakunywa kahawa na sukari kutoka Saint-Domingue, koloni lililosimama juu ya migongo ya watumwa, na hao watumwa walipojikomboa na kuanzisha Haiti mwaka 1804, Ufaransa ikawajia mwaka 1825 na bili ya faranga milioni 150. Yaani aliyetumikishwa amlipe fidia aliyemtumikisha, ndipo atambulike kuwa huru. Nchi ya mwangaza hiyo.

Halafu mkutano wa Berlin, 1884 na 1885, mataifa ya Ulaya yanapangiana kuigawana Afrika. Ule mkataba wenyewe umeandikwa mle ndani mambo ya kuboresha hali ya wenyeji na kuwaonjesha baraka za ustaarabu. Kwenye meza hapakuwa na Mwafrika hata mmoja.

Kwa hiyo kuna vitu viwili vilivyokuja vimefungwa pamoja kwenye kifurushi kimoja. Kimoja ni tabia ya kuuliza, ya kutaka ushahidi, ya kutokubali jambo kwa sababu mkubwa kasema. Cha pili ni imani kwamba dunia nzima iko kwenye barabara moja, wengine wametangulia wengine wamechelewa, na aliyetangulia ana haki ya kumburuta aliyechelewa. Mimi cha kwanza nakitaka, nakitaka sana, na ndicho ninachokitumia kukihoji cha pili. Mtu akikwambia kuuliza maswali ni kukosa mwangaza, mwambie Kant alisema kinyume chake (ama usimtaje Kant, utaonekana wajifanya msomi, uliza tu).

Mfano wa hapa hapa Pwani ya Kenya. Wagiriama miaka ya 1913 na 1914 waligoma kutoa vijana wao kwenda kufanya kazi za Wazungu na kulipa kodi, Mekatilili wa Menza akizunguka vijijini na ngoma ya kifudu kuwahamasisha. Serikali ya kikoloni ikaona kiini cha ukaidi ni Kaya Fungo, ule msitu wa viapo na mizimu, ikaenda ikaulipua kwa baruti mwaka 1914. Waliobeba baruti walijiona wao ndo wameelimika na waliokuwa msituni ni watu wa ushirikina. Sasa songa mbele mpaka 2008, UNESCO inaziingiza kaya za Mijikenda kwenye urithi wa dunia, na wanasayansi wa mimea wanakuja kutembea mle kwa sababu ile miiko ya wazee, usikate mti, usifungue njia mpya, imelinda vipande vya msitu ambao kwengine kote umeshakuwa mkaa na mashamba ya mkonge. Mtu wa 1914 ukimuuliza ni nani aliyekuwa anajua anachofanya na ule msitu, asingekuwa na shaka hata kidogo. Ndo maana ukikutana na mtu asiye na shaka hata kidogo, sogeza kiti ukae vizuri umuulize zaidi.

Angalia mizani kabla hujaangalia mzigo

Ukiambiwa tumepiga hatua, uliza imepimwa na nini. Mwenye duka anaweza kukuuzia sukari ya haki kabisa lakini kama kidole chake kiko kwenye mizani utatoka na kilo isiyo kilo.

Mizani inayotumika zaidi ni pato la taifa. Huyu bwana aliyesaidia sana kuitengeneza, Simon Kuznets, alipoipeleka ripoti yake kwa wabunge wa Marekani mwaka 1934 aliwaonya humo humo kwamba hali njema ya watu huwezi kuisoma kutoka kwenye hesabu hii. Hawakumsikiza, na sisi hatukumsikiza. Kenya hapa mwezi wa Septemba 2014 walibadilisha namna ya kukokotoa, mwaka wa msingi mpya, sekta zilizokuwa hazihesabiwi zikahesabiwa, uchumi ukaongezeka karibu asilimia 25 na tukaingia kundi la nchi za kipato cha kati cha chini. Ulilala maskini ukaamka wa kati. Bei ya unga ilikuwa ile ile. Sisemi walidanganya, hesabu ile mpya ilikuwa sahihi kuliko ya zamani, nasema ujue kipimo kinapima nini.

Jaribu hili zoezi nyumbani. Maji ya mfereji yakitoka unalipa kidogo. Yasipotoka unanunua kwa mwenye mkokoteni, mtungi kwa mtungi, na unalipa zaidi, na kwenye hesabu za taifa pesa nyingi zimezunguka kwa hiyo uchumi umekua. Ukikaa kwenye foleni Changamwe saa nzima gari likichoma mafuta, uchumi umekua. Mamako akikulelea mtoto, hakuna kilichotokea. Ukimpeleka mtoto dekea ulipe, uchumi umekua. Mzee wa baraza aliyesuluhisha ugomvi wa mpaka wa nyumba kwa kikombe cha kahawa tungu hayumo popote kwenye jedwali, lakini wakili wa kesi ile ile iliyodumu miaka tisa yumo. Fanya orodha yako ya wiki moja, vitu vilivyokusaidia kweli na ambavyo havikupita kwenye mkono wa pesa. Utashangaa.

Fuata gharama mpaka inapolala

Hili ndo swali kubwa kuliko yote na nitakaa hapa kidogo.

Kila kitu safi kuna mahali kilikochafua. Sio laana, ni hivyo tu vitu vinavyotengenezwa. Kazi yako ni kufuata uchafu ule mpaka mlangoni ulikolala, uone ni mlango wa nani.

Owino Uhuru iko hapa Mombasa, upande wa Mikindani. Mwaka 2007 kulifunguliwa kiwanda cha kuyeyusha betri za magari zilizokufa ili kutoa risasi (ile madini, lead, sio ya bunduki) ya kuuza nje. Ukisoma kwenye karatasi ni kitu kizuri mno, kurejeleza taka, ajira kwa vijana, fedha za kigeni, eneo la viwanda vya kuuza nje, kila neno la maendeleo limo. Moshi ukaingia kwenye nyumba zilizo ukutani mwa kiwanda, maji machafu yakapita vichochoroni wanakocheza watoto, na risasi ikiingia kwenye damu ya mtoto haifanyi mchezo, inagusa ubongo. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, mtoto wake akaugua, kupimwa kumbe ni sumu ya risasi. Akaacha kazi akaanza kuwauliza majirani na kupeleka watoto wengine wapimwe. Alitishwa, alishikwa na polisi, hakuacha. Kiwanda kikafungwa 2014, yeye akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi hapa Mombasa ikaamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3. Rufaa ikaitengua 2023. Mahakama ya juu ikairudisha Desemba 2024. Hesabu mwenyewe, kutoka kiwanda kufunguliwa mpaka hukumu ya mwisho, mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza ashakuwa kijana wa sekondari.

Angalia alichokifanya yule mama, sio ushujaa tu, ni njia. Hakuanza na "viwanda ni vibaya". Alianza na damu ya mtoto mmoja, ikapimwa, ikawa namba, halafu ya wa pili. Ukitaka kuhoji mradi fanya vivyo hivyo, kitu kimoja kinachopimika karibu na wewe. Kisima kilichobadilika ladha. Nyufa kwenye ukuta tangu mashine ianze kuchimba. Samaki waliokuwa wakipatikana kwenye mkondo na siku hizi hawapatikani, na mvuvi gani anaweza kusema lini walianza kupungua. Andika tarehe. Piga picha mahali pale pale kila mara, ukisimama pale pale.

Reli nayo ifuate vivyo hivyo, zote mbili. Ile ya kwanza ilianzia hapa kisiwani 1896 ikafika ziwani 1901, na kati ya wafanyakazi karibu 32,000 walioletwa kutoka India karibu 2,500 walikufa, hapo hujahesabu Waafrika ambao hakuna aliyejisumbua kuwaandika vizuri. Hii mpya ilizinduliwa Mei 2017, sehemu kubwa ni mkopo wa benki ya Exim ya China, na mimi nimepanda, starehe, asubuhi uko Miritini mchana uko Nairobi, sina ubaya nayo kama abiria. Lakini Agosti 2019 ilipotoka amri kwamba makontena ya bara yapande reli moja kwa moja mpaka Nairobi, ili mkopo ulipike, gharama ilikwenda kulala wapi? Ililala kwa madereva wa malori, mataniboi, mafundi wa tairi pale Mariakani, mama ntilie wa Mtito Andei, makarani wa magodauni ya Changamwe. Watu wakawa wanaandamana hapa mjini kila Jumatatu. Amri ikaja kuondolewa Septemba 2022 serikali mpya ilipoingia. Sasa mtu atakwambia malori yalikuwa yanaharibu barabara na kuua watu, na ni kweli, Mombasa Road imeua watu wengi mno. Hapo ndo utamu wa swali hili, halikupi jibu la bure. Linakulazimisha uweke hao wote kwenye meza moja, dereva, aliyegongwa, mlipa kodi na abiria, badala ya kuonyeshwa picha ya treni peke yake.

Pima cha zamani kwa mizani hiyo hiyo

Hapa wazee wangu wa barazani mtanisamehe.

Kuna raha ya kusema zamani tuliishi vizuri. Na vitu vingine ni kweli kabisa. Tembea Mji wa Kale saa saba mchana uone, vichochoro vyembamba kivuli kinagusana, kuta nene za matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko, madirisha juu yanavuta upepo wa bahari. Ukiingia ndani kuna ubaridi bila umeme wowote. Halafu nenda kwenye ghorofa mpya, kioo mbele kimeelekea jua la magharibi, AC inaunguruma usiku kucha, stima ikikatika watu wanatoka nje kama wamefukuzwa. Aliyejenga ile ya zamani alijua upepo wa kusi na kaskazi unatoka wapi. Aliyejenga hii mpya kaiga picha ya mji usio na jua letu. Kama kuna mahali cha kisasa kimekosa akili ni hapo.

Lakini endelea kuuliza, usiishie kwenye picha nzuri. Vile vyumba ni vyembamba na virefu kwa sababu boriti haiwezi kuvuka upana mkubwa, kwa hiyo sio kila kitu kilikuwa busara, kingine kilikuwa ni urefu wa mti. Na ule mlango wa nakshi ulilipwa na pesa gani? Biashara ya Pwani ya karne ya 19, pembe, karafuu, nafaka za mashamba ya Malindi, ilibebwa na watumwa. Ukipita Kengeleni pale Kisauni, ile kengele ni ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamishonari miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliookolewa kwenye majahazi. Utumwa kisheria huku Pwani ulifutwa 1907. Hiyo sio zamani sana, kuna familia zinajua na hazisemi. Kwa hiyo mtu akisema zamani watu waliishi kwa heshima, muulize kwa upole, "mzee wangu, watu wote?"

Halafu kuna watoto. Utafiti wa afya wa taifa wa 2003 ulionyesha katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa Kenya karibu 115 hawakufika miaka mitano. Ule wa 2022 ulisema 41. Chanjo, neti, wahudumu wa afya wa mitaani. Ndui, ambao ulikuwa ukifagia miji hii ya Pwani, mgonjwa wake wa mwisho wa kuambukizwa kwa njia ya kawaida duniani alikuwa mtu wa Merca, pwani ile ile tukipanda juu Somalia, Oktoba 1977, naye akapona. Ukitaka kuhoji maendeleo na huwezi kusema alhamdulillahi kwa hilo, basi huhoji, unanuna tu. Nina jamaa yangu anayeponda kila kitu cha Kizungu halafu akipandwa na presha anakimbilia kidonge usiku wa manane, na ni sawa akimeze, mimi ndo humpeleka, ila aache kuponda njiani.

Uliza kinaweza kurudishwa

Swali fupi lakini watu hawalitumii. Kama tumekosea, tunaweza kurudi nyuma?

Bamburi ina mfano mzuri. Kiwanda cha simiti kilifunguliwa 1954, kikachimba matumbawe mpaka ardhi ikabaki jeupe tupu, hakuna kinachoota. Mwaka 1971 René Haller akaanza kupanda miti mle machimboni, mvinje ndo ukakubali, lakini majani yake yakawa yanaanguka hayaozi. Akaleta majongoo. Majongoo wakala yale majani, kinyesi kikawa udongo, miti mingine ikashika, ndege wakaja, leo watu wanalipa kiingilio kwenda kuona twiga pale pale palipokuwa shimo. Ilichukua miaka mingi na haikuwa lazima ifanikiwe. Na hapo tuelewane, shimo la matumbawe unaweza kulirudisha kidogo, risasi iliyoingia kwenye ubongo wa mtoto huwezi, na mkoko uliofukiwa kwa kifusi cha ujenzi kando ya mkondo wa Tudor nao ni shughuli. Kwa hiyo usiulize tu faida ni kiasi gani, uliza mlango wa kurudi uko wapi na funguo anakaa nazo nani.

Kwenye simu pia. Kutuma pesa kwa simu tangu 2007 kumewaokoa watu wengi, sibishani. Lakini mkopo wa dakika mbili unaokuja bila wewe kumtazama mtu usoni, jiulize ukikwama unarudi vipi. Kwenye chama cha kina mama wa mtaa ukikwama unaitwa, unasemwa, unapewa mwezi mwingine. Programu haina mwezi mwingine. Basi, hilo nimemaliza.

Sasa karatasi

Maswali bila karatasi ni maneno ya barazani, yatapeperuka na upepo. Na sheria za hapa, tusidanganyane, zimekupa silaha nzuri kuliko watu wengi wanavyojua.

Katiba ya 2010, kifungu cha 10 kinasema ushirikishaji wa wananchi ni mojawapo ya maadili ya taifa, cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, cha 42 mazingira safi. Halafu kuna sheria ya kupata habari ya 2016. Unaandika barua kwa ofisi inayohusika, na sheria yenyewe inasema unaweza kuandika kwa Kiswahili, kwa hiyo usiogope kizungu cha mawakili. Omba kitu mahususi. Usiandike "naomba maelezo ya mradi", watakupa brosha. Andika "naomba ripoti ya tathmini ya mazingira, mkataba wa mkandarasi, orodha ya viwanja vitakavyoguswa na kumbukumbu za mkutano wa tarehe fulani". Wana siku 21 kujibu, na kama ni jambo la uhai wa mtu ni saa 48. Barua ichapishe nakala mbili, moja wapigie muhuri wa kupokea wakurudishie. Bila muhuri hujapeleka kitu. Wakikaa kimya kuna tume ya haki ya utawala, wale wa ombudsmani, unawapelekea malalamiko pamoja na ile nakala yenye muhuri.

Mradi mkubwa lazima upate leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na kabla ya leseni kuna ripoti ya tathmini. Hutangazwa gazetini na huandikwa kwamba maoni yapelekwe ndani ya siku 30. Shida ni kwamba mtaani hakuna anayesoma zile kurasa za matangazo, kwa hiyo teueni mtu mmoja, mwalimu mstaafu hivi, kazi yake iwe hiyo tu. Ripoti ni ndefu, usiisome yote. Nenda sehemu ya athari, halafu sehemu ya nani atafanya nini athari ikitokea, utakuta mara nyingi imeandikwa "mwekezaji atahakikisha" bila kusema kwa pesa gani na nani atakagua. Hapo ndo pa kuuliza. Leseni ikishatolewa na hamkubaliani, kuna siku 60 za kwenda kwenye mahakama maalum ya mazingira, ile ya rufaa za leseni inayoitwa NET.

Na inafanya kazi. Mwaka 2019 hiyo NET ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, megawati 1,050, mradi uliokuwa umebebwa na serikali na wawekezaji wakubwa. Sababu mojawapo kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilifanyika, watu walikuja, lakini ilikuwa mikutano ya kutambulisha mradi kabla utafiti haujakamilika, mvuvi alikuwa hajapewa kilichomo ndani ya ripoti, sasa angetoa maoni juu ya nini?

Ndo maana ile karatasi inayozunguka mkutanoni uisome kabla ya kutia sahihi. Mara nyingi haina kichwa, ni mistari tu, jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi, watu wanajaza haraka kwa sababu nauli inatolewa kwa kufuata ile orodha. Kesho yake karatasi hiyo hiyo inabandikwa nyuma ya ripoti kama ushahidi kwamba wakazi wameafiki. Ikikufikia, andika juu kabisa kwa herufi kubwa MAHUDHURIO TU, weka tarehe, ipige picha, ndipo utie sahihi. Wa kwanza kwenye foleni ndo afanye, manake akishaandika yeye wengine wote wako chini ya kile kichwa. Ile picha itume kwenye grupu ya wasapu ya mtaa usiku ule ule, pamoja na jina la ofisi iliyoitisha mkutano na maswali ambayo hayakujibiwa, na soda yako unywe, ni haki yako.